Mchezo na Urafiki wa Watoto



Wako wazazi ambao wakimwona mtoto akicheza na wenziwe husema, "Anapoteza wakati." Leo nataka kuwatetea watoto hao, kwa habari ya huku kwetu Mara.

Kambarage, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alizaliwa Butiama mwaka 1922. Utotoni alichunga mbuzi, na alipenda soro, mchezo wa jamii ya bao. Inasimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu alicheza naye, akaona wepesi wa akili yake, akashauri apelekwe shule. Mwaka 1934 akaingia shule ya Mwisenge, Musoma. Ndiye Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania.

Angalieni basi: mbele ya bao, mtemi na mtoto wote ni wachezaji, sheria ni moja, na kete haziogopi cheo. Amri ya mkubwa mtoto huitii tu. Bali sheria ya mchezo watoto huijadili, huikubali na kuilinda wenyewe. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, aliyaeleza hayo katika kitabu cha mwaka 1932, baada ya kuwatazama watoto wakicheza gololi. Mtoto ajifunzaye kungoja zamu, na kushindwa bila kupiga ngumi, amejifunza kuishi na watu.

Najua mtasema, "Rafiki wabaya humharibu mtoto." Ni kweli, lakini dawa yake si kumfungia nyumbani. Wajueni rafiki zake. Wakaribisheni chakula, msikilize mazungumzo yao. Wala msiwasahau mabinti. Binti atokaye ziwani na ndoo, akaenda jikoni, kisha akabebeshwa mdogo wake, atacheza saa ngapi? Mpeni walau muda kabla ya jua kuchwa.

Nanyi wanafunzi wa Musoma, Bunda na Butiama, nina neno kwenu. Wakati wa mapumziko, mtazameni yule asimamaye peke yake ukutani. Labda ni mgeni. Labda matamshi yake yamechekwa. Mwiteni aingie mchezoni. Kwenu ni jambo dogo, lakini kwake laweza kuwa ndiyo sababu ya kurudi shuleni kesho.