Usiku wa Wodi ya Saratani Hupangwa Mchana

Kila tunapomzungumzia daktari wa zamu ya usiku, tunaanza na usingizi, na sababu ipo. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini sawa na aliyekunywa pombe hadi ikafika asilimia 0.05 katika damu yake. Mwaka 2007 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaiweka kazi ya zamu za usiku miongoni mwa mambo yanayoelekea kusababisha saratani, na mwaka 2019 likaurudia uamuzi huo. Anayekesha na wagonjwa wa saratani, basi, ana sababu zake binafsi za kusoma tafiti hizo. Hata hivyo, makala hii inadai kwamba saa za kukesha ni sehemu tu ya mzigo. Sehemu kubwa zaidi ni maamuzi yaliyopaswa kufanywa mchana, na timu iliyomjua mgonjwa, yakaachwa yamsubiri mtu mmoja asiyemjua.

Wodi ya saratani si chumba cha majeruhi wa ajali. Mengi yanayotokea humo usiku yanajulikana mapema. Chukua maumivu. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne, kwa hiyo mgonjwa aliyepewa saa 4 usiku ataamshwa na maumivu yaleyale saa 8. Waliobobea katika huduma shufaa wanalijua jambo hili kwa miaka mingi: dozi ya kulalia huongezwa maradufu, mgonjwa akalala hadi saa 12 asubuhi, ila kwa mwenye figo dhaifu au mzee sana, ambaye hupimiwa kwa uangalifu. Ni mstari mmoja wa maandishi kwenye jalada. Usipoandikwa, muuguzi atamwita daktari, daktari ataacha kitanda kingine, atafungua jalada nene kutafuta dozi ya mwisho, na kwa kuwa hamjui mgonjwa ataandika kiwango kidogo kwa woga. Saa 10 ataitwa tena.

Homa nayo ni hivyohivyo. Chembe nyeupe za damu hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa nyingi za saratani, na mgonjwa wa siku hizo akifikisha nyuzi 38 anatakiwa kupata antibayotiki ya mshipani ndani ya saa moja. Hapaswi kusubiri majibu ya maabara. Tarehe ya dozi tunayo, kalenda tunayo. Mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kusambaa anaweza kutoka damu ghafla, na hilo pia halihitaji mtabiri: chachi za kujazia, dawa ya kugandisha damu na chupa za damu zilizopimwa zinaweza kuwa tayari kabla jua halijazama.

Watakaosema dawa ni kuongeza madaktari na kufupisha zamu wana ushahidi, tena mzuri. Mwaka 2004 Christopher Landrigan na wenzake nchini Marekani waligundua kwamba madaktari wa mafunzo kwenye zamu ndefu za kawaida walifanya makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi ya waliopunguziwa saa. Lakini Landrigan huyohuyo alirudi mwaka 2020 na utafiti wa vyumba vya watoto mahututi, na safari hii zamu fupi ziliambatana na makosa mengi zaidi. Idadi ya wagonjwa kwa kila daktari ilipozingatiwa, tofauti hiyo ikatoweka. Katikati ya tafiti hizo mbili, mwaka 2014, hospitali tisa za Marekani na Kanada zilizoweka utaratibu maalumu wa kukabidhiana zamu zilipunguza makosa ya kitabibu kwa asilimia 23, na madhara yanayozuilika kwa asilimia 30. Madaktari zaidi tunawahitaji, wala sibishani na hilo. Ila ajira inasubiri bajeti, na makabidhiano yanaweza kuanza jioni ya leo.

Pingamizi zito zaidi linahusu wauguzi. Mpango ulioandikwa hauna maana kama muuguzi haruhusiwi kuutekeleza, na hapo mtu atauliza: mofini itaachwa mikononi mwa kila mtu? Jibu liko kwa jirani wa Tanzania. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo ya huduma shufaa kuandika mofini ya kunywa. Ninachopendekeza ni kidogo kuliko hicho: muuguzi atoe dozi ya akiba ambayo daktari ameshaiandika, kabati libaki na kufuli, daftari libaki na saini mbili.

Kuna pingamizi la tatu, nalo halijibiki kwa takwimu. Kuandika mchana kwamba mgonjwa huyu, moyo ukisimama, hatagandamizwa kifua, kunaonekana kama kumkatia tamaa, na familia nyingi hazitaki kifo kitajwe kitandani. Heshima iliyo nyuma ya ukimya huo ni ya kweli. Ila tuangalie inavyoishia. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali za Ocean Road, Bugando au KCMC wakiwa wamechelewa, na wengi wametoka mbali. Anayelala naye hospitali mara nyingi ni mdogo wa familia. Mwenye kauli ni baba mkubwa aliyebaki Sumbawanga. Saa 9 usiku, mgonjwa anahema kwa shida, kijana anapiga simu isiyopokelewa, na daktari asiyewahi kuonana na familia anadaiwa neno la mwisho pale koridoni. Kunyamaza mchana hakukumwokoa yeyote na mazungumzo hayo, kulimtwisha tu kijana asiye na mamlaka.

Kwa hiyo mazungumzo yafanywe na daktari bingwa, mgonjwa akiwa na nguvu ya kusema anachotaka, na msemaji wa familia ajulikane kwa jina na namba ya simu. Mpango utapitwa na mambo wakati mwingine, maana hali ya mgonjwa hubadilika. Ndiyo sababu uandikwe upya kila jioni, kwenye ukurasa wa mbele wa jalada, na usainiwe na anayeondoka na anayeingia wakiwa wamesimama kando ya kitanda. Idara itakayoanza na wagonjwa watano walio hoi zaidi itajua ndani ya mwezi kama simu za usiku zimepungua, kwa kuwa daftari la zamu huziandika zote.