Mto Wetu Unapoishia: Safari ya Delta ya Rufiji
(Mazungumzo na wanakisomo wa bonde la Kilombero)



Mwaka jana katika darasa hili mama mmoja alituuliza swali. Alisema, "Walimu, maji ya Kilombero yanapita hapa usiku na mchana. Yanakwenda wapi yote haya?" Siku ile tulichora mto ubaoni, tukaonyesha bahari, tukaendelea na somo. Lakini swali lilitukaa moyoni. Mwezi wa Februari tulikwenda kuona kwa macho, nasi leo tumekuja kuwapa habari.

Maji yenu hukutana na maji ya Luwegu, na hapo jina hubadilika, mto ukaitwa Rufiji. Ruaha Mkuu nao huingia. Kisha maji hupita Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024, halafu huteremka mpaka mkoa wa Pwani. Karibu na bahari mto haufuati tena njia moja. Hugawanyika kama vidole vya mkono, na kila kidole kina mdomo wake baharini. Mahali hapo ndipo panapoitwa delta. Tope ambalo mto umelibeba njiani huachwa hapo, na tope hilo ndilo lililojenga ardhi yenyewe. Kwa hiyo udongo uliochukuliwa na mafuriko katika mashamba yenu, sehemu yake imelala kule.

Tulipanda mashua Nyamisati, wilaya ya Kibiti. Nahodha wetu, mzee wa huko huko, alikuwa ametuambia tuondoke alfajiri maji yakiwa yamejaa. Sisi tukachelewa kwa ajili ya chai. Tulipofika saa moja na nusu mzee hakusema neno. Alitazama maji tu, akawasha injini.

Msitu wa mikoko unaanza mara moja. Ni msitu mkubwa, karibu hekta 50,000, na hakuna mwingine wa mikoko unaoushinda katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mti huu unaota mahali ambapo mti mwingine hufa, yaani ndani ya tope na maji ya chumvi. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi mirefu kama mtu aliyepanda magongo. Mchu una mizizi midogo inayochomoza juu ya tope kama penseli, nayo ni ya kuvutia hewa. Tena mbegu ya mkoko huanza kuota ingali juu ya mti! Ikikomaa huanguka kama mkuki, ikajichoma topeni. Ile isiyochoma huelea mpaka ipate mahali.

Mzee alituonyesha upande wa vijito ambako meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha mwaka 1914. Ilizamishwa mwezi wa Julai mwaka 1915. Tukastaajabu meli kubwa namna ile kupita humo.

Basi, tulikuwa bado tunastaajabu, mashua ikakwama. Ilikuwa saa tatu. Maji yalikuwa yanakupwa, na siku hizo zilikuwa za bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Tulitaka kushuka tusukume. Mzee akasema, "Kaeni chomboni, walimu. Mamba wapo, na tope hili litawameza mpaka kiunoni. Maji yatarudi." Tukakaa karibu saa nne. Chai ile tuliijutia.

Lakini ndugu zangu, tukiwa tumekwama ndipo tulipoona wanyama. Wakati injini inanguruma walijificha wote. Sasa kaa wadogo walitoka mashimoni, dume ana gando moja kubwa analolipunga kama mtu anayeita basi. Samaki wadogo walitembea juu ya tope kwa mapezi yao. Sululu walikuja kuchokoa tope kwa midomo iliyopinda. Ndege hawa hutoka Ulaya na Asia ya kaskazini, hukaa kwetu wakati kwao ni baridi. Kiboko tulimsikia tu, huko juu ambako maji hayana chumvi.

Mbele yetu palikuwa na shamba la mpunga, na visiki vya mikoko bado vimesimama. Juu ya dungu alikaa mama mmoja, akilinda nguruwe na viboko. Alitukaribisha kwa sauti. Nahodha, ambaye huvua kamba, akamwambia, "Binti yangu, hapa ulipopanda ndipo walipolelewa kamba wangu." Ni kweli. Kamba hutaga mayai baharini, lakini watoto wao huingia mikokoni kujificha na kula mpaka wakue, ndipo warudi baharini.

Mama akajibu, "Mzee, kamba wako nauziwa kwa bei gani? Mpunga naweka ndani, watoto wanakula miezi mingi." Mzee akanyamaza.

Sisi tulijua kwamba msitu ule ni hifadhi ya Serikali, na sheria haimruhusu mtu kujikatia tu. Lakini kumwambia hivyo mtu mwenye watoto, nawe umekaa topeni kwa kushindwa kuamka mapema, si rahisi. Tukamwuliza shamba linakwendaje. Akasema miaka ya kwanza lilizaa vizuri sana. Sasa majani yanazidi nguvu zake, kaa wanakata miche, na mto ukipungua maji ya chumvi hupanda mpaka shambani. Jirani zake wengine wameacha mashamba yao na kwenda kufyeka mengine. Yeye alisema hataki kufyeka tena, amechoka.

Saa saba kasoro maji yalirudi polepole, mashua ikaelea. Kabla hatujaondoka mama alituita. Aliuliza kama huku kwetu juu tuna mbegu ya mpunga inayokomaa upesi, avune kabla maji ya chumvi hayajapanda. Tulimwahidi kuwauliza ninyi. Nahodha atarudi kule mwezi ujao, amekubali kubeba kifurushi. Basi, kabla hatujafungua vitabu, mwenye kuijua mbegu ya namna hiyo aseme, tuandike jina lake ubaoni.