Mashine Inayotumwa kwa Mbali

Leo nawapeni habari za Bwana Jesús del Alamo. Mwaka 1980 alihitimu uhandisi wa simu mjini Madrid, akasoma tena Marekani, akafanya kazi Japani katika maabara ya kampuni ya simu. Mwaka 1988 akawa mwalimu katika chuo cha MIT, Marekani.

Huko alikuwa na mashine ya kupima transista, vile vipande vidogo vilivyomo ndani ya redio yako. Lakini mashine ni ghali, na wanafunzi ni wengi. Wangeitumiaje? Mwaka 1998 aliiunganisha na intaneti. Mwanafunzi alikaa chumbani kwake, hata usiku, akapeleka amri; mashine ikapima, majibu yakarudi. Baadaye Makerere na Dar es Salaam waliingia katika kazi hiyo.

Sasa andikeni: ma-a-ba-ra.