Mabaka kwenye Mashavu ya Kichanga
Msikilizaji, pumu ya ngozi haiambukizi, wala haitokani na uchafu, ingawa mama wa mtoto ndiye hulaumiwa kwanza. Vitabu vingi huonyesha wekundu. Kwenye ngozi nyeusi tafuta mabaka ya kijivu au meusi zaidi, yanayokwaruza mkononi, hasa mashavuni. Ngozi hiyo haishiki maji, kwa hiyo kazi kubwa ni mafuta. Muogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, mkaushe bila kumsugua, kisha umpake papo hapo mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Rudia mchana. Ya bei nafuu yanatosha kabisa.

Kinachonitia hofu ni tyubu za klobetasoli zinazouzwa bila cheti cha daktari. Hiyo ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka. Kwa kichanga hukondesha ngozi, na huweza kupenya hadi damuni. Haidrokotisoni ya asilimia 1, kwa maelekezo ya daktari na kwa siku chache, ni jambo jingine, hiyo usiiogope. Na mama anayenyonyesha asijinyime samaki wala mayai kwa kubahatisha kwamba ndivyo vinavyoleta mabaka.

Mabaka yakitoa usaha, au mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.