Maneno ya Kiingereza ya Sinema na Televisheni

Ndugu wanakisomo wa Idete, na nyote mlioko katika bonde la Kilombero, natumaini kila mtu amepata mahali pa kukaa karibu na redio. Wekeni madaftari mapajani. Mwalimu wa darasa naye ashike chaki, kwa maana nitamwomba aandike maneno machache ubaoni.

Leo twajifunza maneno ya Kiingereza yamfaayo mtu anayetaka kuzungumza juu ya sinema na televisheni. Najua wengine mtasema, "Hayo tunayo tayari: stelingi, deki, rimoti, chaneli." Ni kweli mnayo, na shida inaanzia hapo hapo. Maneno hayo yalitoka katika Kiingereza, yakafika kwetu, yakabadili kazi. Ukimrudishia Mwingereza kama yalivyo, hatakuelewa.

Tuanze na stelingi. Kila aliyewahi kukaa katika banda la vidio anajua kwamba stelingi ndiye mpiganaji mkuu, tena stelingi hafi. Katika matangazo ya sinema yaliyobandikwa ukutani, wenyewe huandika "starring", kisha hufuata jina la mchezaji. Maana yake ni kama kusema, "Katika picha hii anayeng'aa ni fulani." Watu wetu waliona neno lile limekaa juu ya jina, wakalifanya cheo, kama vile Bwana Shamba au Bwana Afya. Mimi siwalaumu, maana hata leo nikiwa na rafiki zangu nasema stelingi. Lakini katika Kiingereza sema "star". Mwalimu, andika: s, t, a, r. Hutamkwa staa, na maana yake ni nyota.

Sasa angalieni jambo moja. Star ni mchezaji mwenyewe, mtu wa kweli anayelipwa kwa kazi yake. Yule shujaa wa hadithi huitwa "hero". Hero aweza kuuawa katika picha, na star akarudi nyumbani kula chakula cha jioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa Tanganyika sinema ya Kiswahili iliyoitwa Muhogo Mchungu. Star wake alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1962 Kawawa huyo huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Basi mtoto akikuuliza kama stelingi ni mtu wa kweli, unalo jibu.

Neno la pili ni DJ, ambalo hutamkwa dijei. Hapa nataka kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1935 Waingereza walianza kutengeneza sinema za mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, wakazizungusha kwa gari vijijini. Kazi ile ilikoma mwaka 1937. Shida yao kubwa ilikuwa lugha, kwani watazamaji wa kila mahali walitaka kuelezwa kwa maneno wanayoyajua. Shida hiyo haikwisha. Miaka mingi baadaye, katika mabanda yetu ya vidio, watu walimpenda sana Lufufu, ambaye jina lake lilikuwa Derek Gaspar Mukandala. Aliweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, akaongeza na vichekesho vyake. Leo wafanyao kazi hiyo wengi huitwa madijei, na Uganda huitwa mavijei. Mwingereza akisikia DJ hufikiri mtu wa kupiga muziki katika dansi. Ukitaka akuelewe, sema "narrator", hutamkwa nareta, yaani msimulizi.

Deki ni neno la namna hiyo hiyo. Kwetu ni mashine ya kuchezea sahani za filamu. Kwa Mwingereza wa siku hizi, "deck" kwanza ni sakafu ya meli. Yeye mashine ile huiita "player".

Rimoti tulilikata mkia. Jina lake kamili ni "remote control", yaani kuongoza kitu kutoka mbali. "Remote" peke yake ni mbali, pasipofikika kwa urahisi. Mgeni akiandika kwamba Idete ni "remote village", hakusema kijiji chenu kina vibonyezo! Amesema kiko mbali. Mbali na nani, hilo mwulizeni yeye.

Chaneli halina taabu kwa wakulima wa mpunga. "Channel" katika Kiingereza ni mfereji wa maji pia. Picha nazo huja kila kituo kwa mfereji wake.

King'amuzi ni neno letu wenyewe, kutokana na kung'amua. Lilienea tulipohama kutoka mitambo ya zamani, kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kiingereza chake ni "decoder".

Sasa nakuja kwenye maneno ambayo hayasemwi, bali huandikwa juu ya kioo. Haya yashikeni sana, kwa kuwa hapa hakuna dijei wa kuwasaidia. Nilifika nyumba moja ambapo televisheni ilikuwa imezima picha siku ya tatu. Fundi alikwisha kupanda juu ya bati mara mbili kugeuza dishi, na mara zote mbili alilipwa. Mama mwenye nyumba alinionyesha maandishi yaliyokuwa pale tangu siku ya kwanza: "Subscription expired." Maana yake ni kwamba muda uliolipiwa umekwisha. Dishi halikuwa na kosa lolote. Kama ingeandikwa "No signal", yaani mawimbi hayafiki, hapo ndipo tungetazama waya, dishi na mawingu. Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwandikie maneno yote mawili katika karatasi, akaibandika ukutani.

Andikeni nanyi. Ongezeni na "Live". Likisomwa laivu, jambo linatendeka wakati huo huo unapolitazama. Likisomwa liv, ni kuishi. Herufi ni zile zile. Kisha andikeni "Based on a true story". Watu wengi hugombana kwa ajili ya maneno haya. Hayasemi kwamba yote uliyoyaona yalitokea. Yasema hadithi imejengwa juu ya jambo lililotokea, na nyumba iliyojengwa juu ya msingi ina vitu vingi ambavyo si msingi. Filamu iletayo mambo halisi na watu wenyewe huitwa "documentary".

Kazi ya nyumbani: kumbukeni filamu moja mliyoitazama. Andikeni sentensi tatu za Kiingereza. Ya kwanza, jina la star. Ya pili, jina la hero. Ya tatu, kama hero alikufa au hakufa: "The hero died", au "The hero did not die." Mwalimu atakusanya madaftari siku ya kipindi kijacho, ambapo tutajifunza maneno ya stesheni na tikiti za gari moshi. Kwaherini.