Mazoezi ya Kwaya Kubwa kwa Bando Dogo



Kwaya ya watu 80 haiwezi kuimba pamoja kwa simu ya video. Walimu wenzangu, tusiwalaumu wanakwaya, na tusidhani bando kubwa litaponya tatizo. Hata kasi ya intaneti ikiongezeka, picha huenda isigande, lakini safari ya sauti haifupiki.

Hewani sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Waimbaji wawili waliotengana kwa mita 10 husikiana kwa kuchelewa milisekunde 30 hivi, na hapo ndipo ugumu wa kwenda pamoja huanza. Ndiyo maana kwaya iliyotandazwa kanisa zima hutazama mkono wa mwongozaji kuliko inavyosikilizana. Ndani ya mkongo ishara hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ikiwa seva iko Ulaya, mwisho wa mkongo wa kilomita 10,000, sauti ya mtu wa Mwanza huenda huko na kurudi ndipo imfikie mwenzake wa Dar es Salaam. Milisekunde 100 zimekwisha, na simu zenyewe bado hazijachukua muda wao wa kubana sauti na kuifungua. Zikifika 250, wimbo wa mapigo 120 kwa dakika umeachwa nusu pigo. Kila mtu anamsubiri mwenzake, mwendo unazorota, na wimbo wa harusi unageuka wa mazishi.

Isitoshe, programu za mikutano zimetengenezwa kwa watu wanaosema kwa zamu. Noti ndefu ya besi inaweza kudhaniwa muungurumo wa feni ikafutwa. Zipo za wanamuziki, kama Jamulus na JackTrip, ila zinafaa kwenye kompyuta, intaneti ya waya na seva ya karibu. Mwenye simu na bando la wiki tusimtese.

Hata kwaya ya mtandaoni ya Mmarekani Eric Whitacre, iliyovuma mwaka 2010 kwa sauti 185 kutoka nchi 12, haikuimba kwa wakati mmoja. Waimbaji walijirekodi, kisha rekodi zikaunganishwa.

Ninachopendekeza ni hiki: muda wa moja kwa moja ni wa mwalimu kueleza na kuonyesha, kuimba kuhamie kwenye rekodi, na video izimwe. Tufanye hesabu. Video ya kilobiti 600 kwa sekunde, kwa saa moja na nusu, humlia mpokeaji mmoja MB 405. Rekodi ya sauti ya dakika 3, kwa kilobiti 32, haifiki MB moja. Za watu wote 80 ni kama MB 58.

Na hapa sisi tuna bahati. Kwaya zetu nyingi husoma sol-fa, mfumo ambao John Curwen aliueneza Uingereza karne ya 19, na sol-fa ni herufi tupu. Sauti ya pili nzima inaandikika kwenye ujumbe wa maandishi na kufika hata kwenye kitochi. Ila alama za mapigo ziandikwe kwa uangalifu. Nukta pacha moja ikidondoka, sauti ya tatu wataingia pale wanapojisikia.

Mwalimu arekodi faili nne, moja kwa kila sauti, akitanguliza hesabu ya mapigo manne na kofi moja. Mwanakwaya aisikilize faili ya sauti yake kwa spika za masikioni kwenye simu ya kwanza, sikio moja tu, lile jingine libaki wazi ajisikie. Kofi likilia naye apige lake, kisha aimbe, huku simu ya pili ikirekodi. Asiye na simu ya pili aazime ya ndugu. Kofi hilo ndilo litakalomsaidia fundi kupanga rekodi zote kwenye mstari mmoja. Chumba chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa kinafaa sana. Bafuni mtu hujiona malaika, lakini mwangwi wa huko hauondoki kwenye rekodi.

Rekodi ziende kwa kiongozi wa kila sauti, si kwa mwalimu moja kwa moja wala kwenye kundi la wote. Masahihisho nayo yarudi kwa faragha. Mama mtu mzima akiambiwa mbele ya vijana kwamba anashusha noti, wiki ijayo hatatuma kitu, na mtaambiwa mtandao ulisumbua.

Kulinganisha irabu, kupokezana pumzi kwenye noti ndefu, kufifisha sauti kwa pamoja: hayo sijaona yakifundishika kwa njia hii. Yawekewe siku ya kukutana, na siku hiyo isipotezwe kwa kufundishana noti.

Baada ya chai tutakaa kwa vikundi. Kila kikundi kichague ubeti mmoja, kiuandike kwa sol-fa kwenye ujumbe, kiutume kwa kikundi cha pili bila maelezo yoyote, halafu tusikie watakavyouimba.