Kompyuta za Wingu na Biashara Zetu

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Iringa



Nimeombwa niseme machache juu ya kompyuta za wingu. Wingu hili si lile linaloshuka Uporoto asubuhi. Ni majumba yaliyojaa kompyuta, ambayo mfanyabiashara wa Mbeya au Mafinga hukodi sehemu yake kwa njia ya intaneti, akalipa kwa kadiri alivyotumia. Majumba ya Microsoft yapo Johannesburg tangu 2019, ya Amazon yapo Cape Town tangu 2020.

Wakubwa wetu watakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ile ya Wizara ya Fedha, iliyofungwa mwaka 1965, ilikuwa imeleta gharama na matatizo mengi. Hofu ile ilikuwa na msingi: mtambo ulinunuliwa mzima kabla haujafanya kazi. Kwa wingu, hununui mtambo.

Faida yake naiona zaidi nikifikiri Mwanjelwa. Soko lile lilipoungua mwaka 2006, daftari la madeni lililoachwa kibandani liliungua pamoja na kibanda. Nani angedaiwa, na kwa ushahidi gani? Mwaka huohuo Amazon ilianza kukodisha hifadhi na kompyuta zake, lakini sisi hata waya wa baharini wa SEACOM ulitufikia Dar es Salaam 2009. Leo mwenye duka aweza kuweka hesabu zake mahali ambapo moto wa Mbeya haufiki.

Hata hivyo msikimbilie. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilikatika, intaneti ikazorota. Mwenye nakala ofisini huendelea kuuza siku kama ile. Asiye nayo hungoja. Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, yenye masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Chama cha akiba na mikopo kiisome kabla ya kutuma majina ya wanachama Cape Town.

Kuamua kipi kiende na kipi kibaki ndiyo kazi ya msanifu wa mifumo ya wingu. Cheti nilichopata ni cha Amazon, ngazi ya pili. Mtihani una maswali 65 kwa dakika 130. 15 kati yake hayahesabiwi, ila huambiwi ni yapi! Kufaulu ni alama 720 katika 1000, na cheti hudumu miaka 3. Nilisoma usiku, baada ya kufunga ofisi. Kwa Kiswahili haufanywi, nami naona hiyo ni kasoro. Wala cheti peke yake hakimfanyi mtu fundi. Sharti ajenge, avunje, aone na bili.

Basi naomba chama chetu kiwalipie ada vijana wawili waliomaliza shuleni kwetu, dola 150 kila mmoja. Nitawafundisha bure kila Jumamosi. Rejista ya wanachama, ambayo mpaka leo ni daftari moja kabatini kwa Katibu, iwe zoezi lao la kwanza. Naona Mhazini amekwisha vua miwani, kwa hiyo nakaa.